Sura ya Sita: Sauti ya Mtoto Inapopimwa

Neno "amekula" likiandikwa peke yake halikuambii kama mtu anatoa habari au anauliza. Likitamkwa, huhitaji kuambiwa. Sauti ikishikiliwa juu, ni swali. Ikiteremka taratibu, ni taarifa. Ikivutwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, msemaji anakuhakikishia kwamba mtoto ameshiba kweli. Neno "je" lipo, ila katika mazungumzo ya nyumbani na ya sokoni wengi wetu hatulitumii. Tunaiachia sauti ifanye kazi hiyo, na huko kupanda na kushuka kwake ndiko wanaisimu wanakokuita kiimbo.

Mtoto mwenye usonji anayeongea mara nyingi hutambulika kwa kiimbo chake kabla hajafika sentensi ya tatu. Jirani atasema anaongea kama roboti. Mwalimu atasema anazungumza utadhani anasoma kitabu. Bibi yake atasema mjukuu wangu anaimba. Sauti iliyonyooka kama ya mashine na sauti inayoimba ni vitu viwili vinavyopingana, na bado watu hawa watatu wanaweza kuwa wanamzungumzia mtoto mmoja, tena kwa nia njema. Sura hii inaeleza kilichoonekana pale watafiti walipoacha kutegemea masikio peke yake na kuanza kupima.

Ieleweke mapema kwamba si kila mtoto mwenye usonji anaongea. Inakadiriwa kwamba kati ya robo na theluthi yao hawasemi kabisa au wana maneno machache mno. Hao nao wana sauti: vilio, vicheko, miguno, silabi zinazorudiwa. Sauti hizo pia zimepimwa, na tutazifikia.

Walioanza kuandika juu ya jambo hili walikuwa na masikio, daftari na subira. Grunya Sukhareva, daktari wa akili wa watoto mjini Moscow, alichapisha mwaka 1925 maelezo ya wavulana 6 ambao leo tungesema wana usonji, na sauti zao zilikuwa miongoni mwa mambo aliyoyatazama. Mwaka 1943 Leo Kanner, huko Baltimore, Marekani, alieleza habari za watoto 11. Wanane kati yao walijifunza kusema, watatu hawakusema. Mtoto wa kwanza katika orodha yake, Donald, alipotaka kuoga alimwuliza mama yake kama anataka kuoga. Alikuwa amelichukua swali la mama pamoja na kiimbo chake, akalirudisha vilevile. Mwaka uliofuata Hans Asperger aliandika kutoka Vienna kwamba baadhi ya wavulana aliowahudumia walikuwa na sauti ya chini kana kwamba inatoka mbali, wengine sauti kali, wengine ya kuimba. (Jina la Asperger siku hizi halitajwi bila uchungu: mwaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech alionyesha kwa nyaraka jinsi daktari huyo alivyoshirikiana na mfumo wa Wanazi uliowaua watoto wenye ulemavu.)

Tazama tayari tofauti iliyomo katika maelezo hayo: chini, kali, ya kuimba, isiyobadilika. Kwa miongo kadhaa vitabu vya tiba viliendelea kunakili maneno ya namna hiyo, na madaktari wakayasoma kana kwamba yote ni dalili moja.

Kupima sauti kunaanzia kooni. Hewa ikitoka mapafuni hupita kati ya nyuzi mbili za sauti zilizomo ndani ya zoloto, nazo hufunguka na kufunga kwa kasi kubwa. Kwa mwanamume mzima hufanya hivyo kiasi cha mara 100 hadi 130 kwa sekunde, kwa mwanamke kama mara 200, na kwa mtoto wa miaka mitano au sita kati ya mara 250 na 300. Kila mara moja kwa sekunde huitwa hezi moja. Nyuzi zikienda kasi zaidi, sikio husikia sauti ya juu. Zikipunguza kasi, sauti hushuka. Hiki ndicho kipimo cha kwanza. Cha pili ni nguvu ya sauti, ambayo hupimwa kwa desibeli. Cha tatu ni muda: silabi imechukua sehemu gani ya sekunde, na kimya kati ya maneno kimedumu kiasi gani. Baada ya hapo vinakuja vipimo vya ubora wa sauti, kama vile mtikisiko mdogo kati ya mpigo mmoja wa nyuzi na unaofuata, na namna nguvu ya sauti inavyogawanyika kati ya masafa ya chini na ya juu.

Zamani kazi hii ilihitaji maabara. Tangu miaka ya 1990 inatosha kuwa na kompyuta ya kawaida, kwa sababu Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walitengeneza programu iitwayo Praat na kuitoa bure. Chukua mtoto wa miaka sita anayesema "Mpira umeingia ndani." Praat huchora wimbi la sauti juu ya kioo, na chini yake mstari unaofuata kasi ya nyuzi za sauti. Mstari unaanza kwenye "m", unakatika ghafla kwenye "p" kwa sababu nyuzi hazitetemi tunapotamka "p", halafu unarudi na kwenda bila kukatika hadi mwisho, maana kila sauti iliyobaki katika sentensi hiyo inatetemesha nyuzi. Ukiweka kielekezi juu ya mstari unasoma namba: hapa 290, pale 340, mwishoni 230. Tofauti kati ya kilele na bonde ni upana wa kiimbo cha sentensi ile.

Kazi haiishii hapo, na hapa ndipo tafiti nyingi dhaifu zinapoharibikia. Mtoto hakai kimya mbele ya kipaza sauti. Anainuka, anapiga meza, anapiga yowe linalopita hezi 500 ambazo mtafiti aliweka kama kikomo. Mvua ikinyesha juu ya bati, programu inachanganyikiwa. Wakati mwingine inahesabu mtetemo mmoja kama miwili na kukuonyesha hezi 600 mahali ambapo mtoto alisema kwa 300. Makosa machache ya aina hiyo yanatosha kumfanya mtoto aonekane ana kiimbo kipana ajabu. Mtafiti mwaminifu hupitia rekodi mstari kwa mstari, akisikiliza na kusahihisha, kwa saa nyingi. Binafsi utafiti ukiniambia una maelfu ya sentensi bila kueleza nani alizikagua, nausoma kwa tahadhari.

Vipimo vilivyofanywa kwa uangalifu vilileta jibu ambalo wengi hawakulitarajia. Mwaka 2011 Yoram Bonneh na wenzake walichapisha matokeo ya watoto 41 wenye usonji na 42 wasio nao, wote wakizungumza Kiebrania, wenye umri wa kati ya miaka minne na sita na nusu. Ikiwa sauti ya usonji ni ya roboti, mstari wa watoto hao ungepaswa kuwa umelala. Haukuwa hivyo. Kiimbo chao kilikuwa kipana zaidi na chenye mabadiliko makubwa kuliko cha wenzao. Mwaka mmoja kabla yao, Megha Sharda, Nandini Singh na wenzao nchini India walikuta jambo la jinsi hiyo: sauti za watoto wenye usonji zilipanda na kushuka kwa mikupuo mikubwa, karibu na ile namna ya kubembeleza ambayo mama hutumia kwa mtoto mchanga.

Basi jirani amekosea? Aparna Nadig na Holly Shaw wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, waliliweka swali hilo mezani mwaka 2012. Walipima sauti za watoto kwa mashine, kisha wakawapa watu wazisikilize na kuzitathmini. Mashine ilionyesha upana mkubwa zaidi kwa watoto wenye usonji. Wasikilizaji nao walisema kwamba watoto hao wanaongea kwa namna isiyo ya kawaida. Lakini walipoulizwa hasa juu ya kupanda na kushuka kwa sauti, hawakusikia kwamba kumezidi. Maelezo ya watafiti, nami naona ni maelezo mazuri kuliko mengine niliyoyasoma, ni kwamba mabadiliko ya sauti yalikuwepo kwa wingi ila hayakuwekwa mahali ambapo sikio la wasikilizaji hao limezoea kuyatafuta.

Ukirudi kwenye "Mpira umeingia ndani", utaona maana yake. Sisi hupandisha sauti pale penye habari mpya. Ikiwa jambo la kushangaza ni kwamba mpira uko ndani ya nyumba, "ndani" itapata uzito. Mtoto mwenye usonji anaweza kupandisha sauti kwa kiwango kilekile, hata zaidi, lakini akaiweka kwenye "mpira", au akairudia mahali palepale katika kila sentensi. Sikio linalotafuta maana halipati kitu cha kushika, kwa hiyo linatoa taarifa kwamba hakuna kinachobadilika. Bibi, anayesikiliza wimbo tu, anausikia wimbo. Roboti na mwimbaji wanaweza kuwa mtoto mmoja aliyesikilizwa kwa njia mbili.

Wapo pia watoto ambao mstari wao kweli umelala. Wapo wanaosema kwa nguvu ileile chumbani na uwanjani, wanaonong'ona, wanaovuta silabi. Kuna waliojifunzia Kiingereza kwenye katuni za YouTube wakaja na lafudhi ya Marekani ilhali nyumba nzima inazungumza Kiswahili. Tofauti kati ya mtoto mmoja mwenye usonji na mwingine mara nyingi ni kubwa kuliko tofauti kati ya kundi lao na kundi la wenzao.

Sababu hazijafungwa katika jibu moja, ila kuna vipande vinavyojulikana. Anna Bonnel, Laurent Mottron na wenzao huko Montreal walionyesha mwaka 2003 kwamba vijana wenye usonji waliowapima walitofautisha sauti za juu na za chini kwa usahihi kuliko wenzao. Kwa hiyo tusidhani kwamba mtoto hasikii kiimbo. Wengine wanakisikia kikamilifu hata wanakihifadhi pamoja na maneno kama kitu kimoja, na hapo tunarudi kwa Donald na maji ya kuoga.

Mtoto wa Kiswahili hufanya vivyo hivyo. Mama huuliza, "Unataka maji?" halafu maji huja. Kesho mtoto akiona kiu anasimama mbele ya mtungi na kusema, "Unataka maji?" kwa sauti iliyobaki juu mwishoni, sawasawa na ya mama. Mgeni hucheka, au humjibu, "Hapana mwanangu, nimeshakunywa." Mtoto analia, na mgeni hajui kwa nini. Kwa muda mrefu wataalamu waliona marudio haya kuwa kelele zisizo na maana, na baadhi ya tiba zililenga kuyakomesha. Mwaka 1981 Barry Prizant na Judith Duchan walionyesha kwamba mtoto anayerudia maneno mara nyingi anaomba, anajibu, anapokea zamu yake katika mazungumzo au anajituliza. Jibu linalosaidia ni kumpa maji na kumpa pia sentensi anayoihitaji, katika kiimbo anachokihitaji: "Nataka maji." Ameshatuonyesha kwamba atakichukua kama kilivyo.

Sehemu nyingine ya suala hili ni muda. Mapumziko marefu kabla ya kujibu yameonekana katika tafiti nyingi. Na lugha yenyewe ina neno lake hapa. Mwaka 2022 Joseph Lau, Molly Losh na wenzao walilinganisha wazungumzaji wa Kiingereza na wa Kikantoni, ambayo ni lugha ya toni: badilisha kimo cha sauti na umebadilisha neno. Mdundo wa usemi ulitofautisha walio na usonji na wasio nao katika lugha zote mbili. Kiimbo kilitofautisha katika Kiingereza peke yake. Huenda aliyelelewa katika lugha ya toni hupata mazoezi ya kudhibiti kimo cha sauti tangu utotoni. Kwa Afrika Mashariki hili si dogo. Kiswahili si lugha ya toni, na mkazo wake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho karibu katika kila neno, lakini watoto wengi hukua nacho pamoja na lugha za toni kama Kikikuyu au Kihaya. Vipimo vya London au Boston haviwezi kuhamishiwa kwao kama vilivyo.

Hata hivyo kuna wanaotaka kuvihamisha, tena kwa haraka. Matumaini makubwa yalianza mwaka 2010, pale D. Kimbrough Oller wa Chuo Kikuu cha Memphis na wenzake walipochapisha utafiti wa watoto 232. Kila mtoto alivalishwa nguo yenye mfuko kifuani, na ndani yake kinasa sauti kidogo kilichorekodi siku nzima nyumbani. Zilipatikana rekodi 1,486. Kompyuta haikutafuta maneno. Ilitafuta namna sauti zinavyojengwa kuwa silabi, jambo ambalo hata mtoto asiyesema neno hulifanya. Iliweza kuwatenganisha watoto wenye usonji na wenzao wanaokua kwa kawaida kwa usahihi wa asilimia 86. Bonneh na wenzake pia walifika asilimia 86 kwa njia yao.

Asilimia 86 inasikika vizuri. Tufanye hesabu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji, yaani kama 8 katika kila 1,000. Chukua kijiji chenye watoto 1,000 na kipimo kinachopatia kwa asilimia 86 kwa kila upande. Kitawagundua 7 kati ya wale 8. Katika wale 992 waliobaki, kitawanyooshea kidole watoto 139 ambao hawana usonji. Mama 146 wanarudi nyumbani na habari nzito, na 139 kati yao wameambiwa visivyo.

Riccardo Fusaroli wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, na wenzake walikusanya tafiti zilizokuwepo na kuzichambua kwa pamoja mwaka 2017. Tofauti za kimo na upana wa sauti zilikuwepo kweli, lakini kipimo kimoja kikitumika peke yake kilipatia kwa kiasi cha asilimia 61 hadi 64 tu, wakati kurusha sarafu kunakupa 50. Mwaka 2022 kundi hilo lilipima upya kwa watoto wa Denmark na wa Marekani. Mengi yaliyodaiwa hapo awali hayakujirudia. Yaliyosimama katika lugha zote mbili yalikuwa machache, hasa sauti ya juu kidogo na mapumziko marefu. Walipojaribu kuifunza kompyuta kwa lugha moja na kuipa rekodi za lugha nyingine, haikufaa. Hukumu yangu ni kwamba hakuna sauti moja ya usonji, na yeyote anayekuuzia programu ya simu itakayomsikiliza mwanao kwa dakika mbili na kukupa jibu, usimpe fedha yako.

Lakini upo upande wa pili wa mazungumzo, nao umechelewa kupimwa: msikilizaji. Mwaka 2017 Noah Sasson wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Dallas na wenzake walirekodi watu wazima, wenye usonji na wasio nao, wakijieleza. Wageni waliposikia sauti au kuona video, waliwapa wenye usonji alama za chini ndani ya sekunde chache, na walisema hawangependa sana kuketi wala kuzungumza nao. Waliposoma maneno yaleyale yaliyoandikwa, upendeleo huo ulitoweka. Maneno hayakuwa na kasoro. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake huko Edinburgh wakaongeza la kwao: hadithi iliyopitishwa kutoka mtu hadi mtu katika mnyororo wa wenye usonji watupu ilifika salama kama katika mnyororo wa wasio na usonji. Ilipotea zaidi katika mnyororo uliochanganya makundi haya mawili.

Hilo linabadilisha maana ya matibabu. Mtaalamu wa usemi akimfundisha mtoto kupandisha sauti ili swali lake lijulikane kuwa swali, amempa kitu cha kutumia. Akitumia mwaka mzima kumfanya asikike kama watoto wengine, wakati bado hawezi kusema anaumwa wapi, amemnyima. Na darasani, mtoto anayejibu kwa sauti ya juu isiyobadilika hana kiburi. Anayenyamaza kidogo kabla ya kujibu hajakudharau. Mwalimu akihesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kumpa mwingine zamu, mara nyingi jibu litakuja.

Mzazi unayesoma haya na mashaka moyoni, usisubiri kiimbo kikuambie. Mtoto anayefika mwaka mmoja bila kugeuka anapoitwa jina, anayefika mwaka na nusu bila kunyoosha kidole kukuonyesha kitu kilichompendeza, au aliyekuwa na maneno akayapoteza, apelekwe kwa daktari wa watoto sasa. Omba kwanza masikio yake yapimwe, kwa sababu uziwi pia hubadilisha sauti na huchanganywa na usonji. Kisha omba atazamwe ukuaji wake wote: anavyocheza, anavyoangalia, anavyoomba. Rekodi fupi ya simu, anapocheza nyumbani bila kujua anarekodiwa, itamsaidia daktari kuliko maelezo marefu, maana wengi hunyamaza kimya wakifika hospitali. Nenda nayo.